Hidetsugu Yagi: Jina lililopanda juu ya mapaa na msaidizi aliyebaki chini

Juu ya mapaa mengi ya Afrika Mashariki, kuanzia Mombasa hadi Bujumbura, bado imesimama ile antena ya televisheni iliyofungwa kwenye mlingoti: bomba moja refu la alumini lililolala, na fito fupi fupi zilizolikata kama miiba ya samaki. Vizazi vizima vimeizungusha, mmoja akiwa juu ya paa na mwingine akimpigia kelele kutoka sebuleni kwamba picha imekuja au imepotea. Hata zama za ving'amuzi zilipowadia, na Tanzania ikaanza kuzima mitambo ya analojia Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, antena hiyo haikuondolewa juu ya paa. Iliunganishwa tu na kisanduku kipya.

Antena hiyo ina jina la mtu. Ni Hidetsugu Yagi, mhandisi wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1886 na kufariki dunia mwaka 1976. Jina lake lilizunguka dunia kabla halijafahamika vizuri katika nchi yake mwenyewe, na likazunguka bila kuandamana na jina la mtu wa pili, Shintaro Uda, ambaye kwa mikono yake ndiye aliyezikata fito hizo, akazipanga, akazipima na kuandika matokeo yake. Kwa muda mrefu dunia ilimlipa mmoja deni la wawili.

Masomo yaliyokatizwa na vita

Yagi alizaliwa Osaka tarehe 28 Januari 1886, wakati Japani ilipokuwa mbioni kujifunza kila kilichoyapa nguvu mataifa ya Ulaya. Alipitia shule ya Kyoto, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo na kuhitimu uhandisi wa umeme mwaka 1909. Katika miaka hiyo mhandisi wa umeme alitarajiwa kujenga mitambo ya kuzalisha nguvu, kuwasha taa za miji na kuendesha treni. Umeme mdogo unaobeba ujumbe, ule wa simu na telegrafu, ulionekana kuwa kazi ya daraja la pili. Yagi aliuchagua huo.

Mwaka 1910 alianza kufundisha katika chuo cha ufundi mjini Sendai, kaskazini mashariki mwa kisiwa kikuu cha Japani. Miaka mitatu baadaye serikali ilimpeleka nje kusoma. Alikwenda Dresden, Ujerumani, kwa Heinrich Barkhausen, mmoja wa wataalamu waliokuwa wakitafuta namna ya kuzalisha mawimbi ya umeme yasiyokatika. Kiangazi cha mwaka 1914 kilimkuta mapumzikoni Uswisi. Vita Vikuu vya Kwanza vikaripuka, Japani ikawa upande wa maadui wa Ujerumani, na njia ya kurudi Dresden ikafungwa.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda London, kwa John Ambrose Fleming, aliyebuni vali ya umeme mwaka 1904, kisha akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, kwa George Washington Pierce. Vita vilivyomfukuza kwa mwalimu mmoja vikampa wawili wengine. Aliporejea Japani mwaka 1916 alikuwa ameona maabara za nchi tatu, na alikuwa amejifunza jambo ambalo lingekuja kuamua mengi: kuandika na kuzungumza kwa Kiingereza mbele ya wataalamu wa nje.

Mwaka 1919 akawa profesa katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tohoku, hapo hapo Sendai. Mji huo ulikuwa mbali na Tokyo na mbali na fedha za serikali. Utafiti wa mawasiliano uliendeshwa kwa sehemu kubwa na msaada wa mfuko wa hisani wa ukoo wa Saito, wenye ardhi matajiri wa eneo hilo. Lakini umbali huo ulikuwa na faida yake, kwani kundi la Yagi liliweza kushughulikia jambo ambalo wakubwa wa redio walikuwa wameliacha.

Jambo lenyewe ni mawimbi mafupi mno. Heinrich Hertz, alipothibitisha mwaka 1888 kwamba mawimbi ya umeme yapo kweli, alitumia mawimbi mafupi yaliyoweza kuelekezwa kwa kioo cha bati ndani ya chumba. Marconi alipotaka kuvuka bahari alifuata njia ya mawimbi marefu, na dunia nzima ikamfuata, ikijenga milingoti mirefu kama minara. Wimbi refu hufika mbali, lakini haliwezi kuelekezwa kwa urahisi, maana kioo chake kingelazimika kuwa kikubwa kama mtaa. Yagi aliamini kwamba siku moja watu watataka kutuma ujumbe upande mmoja tu, kama mtu amulikaye kwa kurunzi, na kwamba hilo halitawezekana ila kwa mawimbi ya mita chache. Mmoja wa wanafunzi wake, Kinjiro Okabe, alipata mwaka 1927 njia bora ya kuyazalisha, kwa kuigawa vali ya magnetroni sehemu mbili. Njia ya kuyaelekeza ilikuwa imeshapatikana kabla ya hapo.

Ufito usiounganishwa na kitu

Ilianza na vipimo vilivyokataa kukaa sawa. Mwanafunzi mmoja alikuwa akipima tabia ya vitanzi vya waya karibu na chanzo cha mawimbi, na namba zake zikawa zinabadilika kila chuma kingine kilipokuwa karibu. Mwalimu mwingine angemwambia aondoe vyuma hivyo na kuanza upya. Yagi alitaka kujua vyuma hivyo vinafanya nini. Kazi ya kulijibu swali hilo ikaangukia mikononi mwa Shintaro Uda, kijana mzaliwa wa mkoa wa Toyama, mwenye umri wa miaka 28, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu mwaka 1924 na kuwa msaidizi wake.

Antena ya kawaida ni ufito mmoja uliokatwa katikati na kuunganishwa kwa waya na mtambo. Urefu wake hufuata urefu wa wimbi: nusu yake, au pungufu kidogo. Msikilizaji anayefungulia stesheni ya FM katika megahezi 100 anapokea wimbi la mita 3, hivyo ufito unaolifaa una urefu wa takriban mita moja na nusu. Ufito huo peke yake hutawanya mawimbi pande nyingi, kama taa isiyo na kioo nyuma yake.

Kilichodhihirika Sendai ni kwamba ukiuweka karibu nao ufito wa pili, usiounganishwa na waya wala mtambo wowote, ufito huo nao huamka. Wimbi linapoupitia, mkondo mdogo wa umeme huenda na kurudi ndani yake, nao hutoa wimbi lake lenyewe, ambalo huwahi au huchelewa kidogo kutegemea urefu wa ufito na umbali wake. Ufito uliozidi kidogo kwa urefu, ukiwekwa nyuma, hufanya kazi ya kioo: mawimbi huuana upande wa nyuma na kusaidiana upande wa mbele. Ufito uliopungua kidogo, ukiwekwa mbele, huyavuta mawimbi upande wake. Ukiongeza ufito mwingine mfupi mbele ya huo, na mwingine tena, mwale unazidi kuwa mwembamba na wenye nguvu, ingawa kila ufito unaoongezwa huleta faida ndogo kuliko uliotangulia.

Hapo ndipo ulipo uzuri wa uvumbuzi huu. Wahandisi wa wakati ule walijua kuelekeza mawimbi kwa kuunganisha antena nyingi kwa nyaya nyingi, kila moja ikilishwa umeme wake kwa kipimo, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Kwa mpango wa Sendai, ni ufito mmoja tu uliohitaji waya. Mingine ilikuwa vyuma vitupu, ambavyo fundi yeyote mwenye msumeno na futi angeweza kuvikata.

Lakini vipimo hivyo vya msumeno havikujulikana na mtu. Ni Uda aliyevitafuta, kwa mawimbi ya mita 4.4, akibadilisha urefu wa ufito mmoja, akipima, akisogeza, akipima tena. Nadharia ya kuhesabu jinsi fito zinavyoathiriana ilikuwa bado changa, na kompyuta haikuwapo. Kuanzia Machi 1926 alichapisha mfululizo wa makala katika jarida la wahandisi wa umeme wa Japani, akieleza urefu gani unafaa, nafasi gani, na fito ngapi. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1930, antena za aina hiyo zilibeba simu ya redio kati ya mji wa Sakata na kisiwa cha Tobishima, umbali wa karibu kilomita 40 za bahari.

Jina moja kwenye hati

Makala za Uda ziliandikwa kwa Kijapani, na nje ya Japani karibu hakuna aliyezisoma. Ipo ripoti fupi ya mwaka 1926 iliyotolewa kwa Kiingereza katika jarida la Akademia ya Kifalme, yenye majina yote mawili, la Yagi na la Uda. Hati nyingine iliyotangulia ndiyo iliyokuwa na uzito wa kisheria. Mwishoni mwa Desemba 1925 Yagi aliomba hataza, yaani haki ya mvumbuzi inayolindwa na sheria, akaipata mwaka 1926. Katika ombi hilo lilikuwamo jina moja tu, lake.

Mwaka 1928 alifunga safari ya Marekani, akatoa mihadhara kwa wahandisi wa redio, na mwezi Juni mwaka huo makala yake ikachapishwa huko kwa Kiingereza. Wenyeji waliipokea kwa heshima kubwa. J. H. Dellinger, mmoja wa wakuu wa utafiti wa redio nchini humo, alitabiri hadharani kwamba kazi hiyo itadumu. Katika makala hiyo Yagi alimtaja Uda waziwazi na kumpa sifa ya majaribio aliyoyafanya. Kwa haki, hilo lazima lisemwe. Lakini juu ya makala lilikuwapo jina moja, kwenye hataza za nje lilikuwapo jina moja, na haki za Marekani zilipotolewa mwaka 1932 ziliingia mikononi mwa kampuni ya RCA zikiwa na jina hilo hilo. Wahandisi wa Uingereza na Marekani, waliohitaji neno fupi la kuitia kazini, wakaiita Yagi, basi.

Si rahisi kumhukumu. Katika vyuo vikuu vya wakati ule, na si vya Japani peke yake, kazi ya msaidizi ilihesabiwa kuwa mali ya profesa, aliyetafuta fedha, aliyetoa wazo na aliyesimama mbele ya watu. Wazo la kuvichunguza vyuma vile lilikuwa la Yagi. Hata hivyo, mtu aliyejua kumshukuru msaidizi wake ndani ya makala alijua pia kwamba hati ya hataza ina nafasi ya majina mawili.

Nchini Japani kwenyewe hakuna aliyeona sababu ya kugombania jina hilo. Jeshi halikuitaka antena. Miongoni mwa maofisa wa jeshi la majini ilikuwapo fikra kwamba kurusha mawimbi vitani ni sawa na kuwasha taa gizani na kumwonyesha adui ulipo. Mwaka 1941 muda wa hataza ya Yagi ulipokwisha, aliomba uongezwe. Ofisi ya hataza ilikataa, kwa maelezo kwamba uvumbuzi huo haukuwa na umuhimu wa kutosha.

Daftari la Singapore

Tarehe 15 Februari 1942 Singapore ilianguka mikononi mwa Japani. Wataalamu walioletwa kukagua silaha za Waingereza walikuta mabaki ya mtambo wa rada uliokuwa ukiziongoza kurunzi kubwa za kutafutia ndege, na katika takataka karibu nao wakapata daftari la koplo mmoja wa Kiingereza aliyekuwa amefunzwa kuuendesha. Daftari lilikuwa limejaa michoro na maelezo. Neno moja lilirudiwa humo mara kwa mara, nao hawakulielewa: Yagi.

Walidhani ni neno la siri, na hawakuwa na uhakika hata wa namna ya kulitamka. Hatimaye wakamtafuta mwenye daftari, aliyekuwa sasa mateka wao, wakamuuliza. Mateka alidhani wanamfanyia mzaha. Alipoona kwamba wanauliza kwa dhati, aliwaeleza kwamba hilo ni jina la profesa wa Kijapani aliyeivumbua antena hiyo.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi nchini Japani, na kila kinaposimuliwa kuna wanaocheka. Waliokuwa katika meli na ndege za Japani hawakuwa na cha kuchekea. Antena za Yagi zilikuwa tayari zimefungwa kwenye ndege za Uingereza zilizowinda nyambizi, kwa sababu zilikuwa nyepesi, rahisi, na zenye kuelekeza mawimbi pale rubani alipotaka. Japani ilianza kuzitumia kwa wingi katika rada zake baada ya hapo, ikiwa imechelewa miaka.

Yagi mwenyewe alikuwa wakati huo ameshahama Sendai. Tangu mwaka 1933 alikuwa ameongoza idara ya fizikia katika chuo kikuu kipya cha Osaka, ambako alimwajiri kijana mpole aitwaye Hideki Yukawa. Kijana huyo alikuwa na fikra nyingi na makala sifuri, na Yagi alimkaripia vikali, akimkumbusha kwamba wapo wengine ambao wangeweza kupewa nafasi hiyo. Mwishoni mwa mwaka 1934 Yukawa alikamilisha makala yake juu ya nguvu inayoshikilia kiini cha atomu. Mwaka 1949 akawa Mjapani wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel, na katika kumbukumbu zake hakulisahau karipio hilo.

Mwaka 1942 Yagi aliteuliwa kuongoza Chuo cha Teknolojia cha Tokyo, na Desemba 1944, Japani ikiwa inaelekea kushindwa, akakabidhiwa Wakala wa Teknolojia wa serikali. Alikalishwa kwenye usukani chombo kikiwa kimekwisha kujaa maji. Mwezi uliofuata alisimama mbele ya kamati ya bunge, wakati marubani vijana walikuwa wakitumwa kujilipua pamoja na ndege zao juu ya meli za Marekani. Alieleza kwamba wajibu wa wanasayansi ulikuwa kutengeneza silaha inayopiga shabaha bila mwenye kuirusha kulazimika kufa, kwamba wameshindwa kuikamilisha kwa wakati, na kwamba analijutia hilo. Katika bunge la wakati wa vita, ambapo kujitoa mhanga kulisifiwa kila siku, maneno hayo hayakuwa mepesi, na baadhi ya wabunge walitokwa machozi. Hata hivyo alibaki katika kazi yake hadi Mei 1945, na marubani waliendelea kutumwa.

Miezi mitatu baada ya kuondoka kwake, mabomu ya atomiki yaliangushwa Hiroshima na Nagasaki. Kila bomu lilibeba rada ndogo za kupima urefu wake kutoka ardhini, ili liripuke hewani kwa kiwango kilichokusudiwa. Antena zilizochomoza ubavuni mwa mabomu hayo zilikuwa za Yagi na Uda.

Baada ya vita

Mwaka 1946 Yagi aliongoza Chuo Kikuu cha Osaka kwa miezi michache, kisha akaondolewa katika utumishi wa umma kwa amri ya utawala wa ukaliaji, kama walivyoondolewa wengine wengi walioshika vyeo wakati wa vita. Marufuku ilipoondolewa, mzee huyo alirudi kwa mwendo wa kijana. Mwaka 1952 ilianzishwa kampuni ya antena yenye jina lake, naye akawa rais wake. Februari mwaka uliofuata shirika la utangazaji la NHK lilianza matangazo ya televisheni, na fito zilizokataliwa na jeshi zikaanza kupanda juu ya nyumba za raia. Mwaka huo huo wa 1953 aliingia Baraza la Juu la bunge kwa tiketi ya wanasoshalisti wa mrengo wa kulia. Mwaka 1956 alipewa Nishani ya Utamaduni, heshima kubwa kuliko zote apewazo msomi nchini Japani.

Uda alibaki na antena. Alikuwa profesa Tohoku, na mwaka 1954, pamoja na Yasuto Mushiake, alitoa kwa Kiingereza kitabu kilichoweka nadharia na vipimo vyote mahali pamoja. Jalada lake lilibeba majina mawili, Yagi na Uda, jina la mwalimu likitangulia. Kati ya mwaka 1955 na 1958 alifanya kazi New Delhi, katika maabara ya taifa ya fizikia ya India. Hakuna dalili kwamba aliwahi kumshambulia mwalimu wake hadharani. Alichofanya ni kuchapisha.

Jirani aliyegeuka kero

Antena hiyo ina udhaifu wake. Fito zake hukatwa kwa wimbi moja, na wimbi likibadilika sana mwale huvurugika. Ndiyo maana antena nzuri ya stesheni moja inaweza kuwa mbovu kwa nyingine. Katika miaka ya 1950 Raymond DuHamel na Dwight Isbell, wa Chuo Kikuu cha Illinois, walibuni antena ya masafa mapana ambayo fito zake hukua kwa uwiano uliopangwa, kutoka fupi hadi ndefu, ili kila wimbi likute fito zinazolifaa. Kwa macho inafanana na ya Yagi, na wauzaji wengi hawazitofautishi, lakini ndani yake fito zote zimeunganishwa na waya.

Leo swali la Sendai limerudi kwa sura nyingine ndani ya simu ya mkononi. Simu ya kisasa ina antena kadhaa, kila moja na mlango wake wa kuingilia na kutokea mawimbi, ili iweze kupokea mikondo kadhaa ya taarifa kwa wakati mmoja. Zinatakiwa kufanya kazi katika masafa mapana, kuanzia mamia ya megahezi hadi maelfu, na zote zikae katika kifaa kinachoingia mfukoni. Hapo ufito unaoamka bila kuguswa hugeuka kero. Antena moja inaporusha, jirani yake huamka, hunyonya sehemu ya nguvu hiyo na kuipitisha kwenye mlango wake, ambako inapotea bure. Kadiri zinavyobanana ndivyo zinavyoibiana.

Wahandisi hupambana na hali hiyo kwa njia nyingi. Wengine huchonga mianya katika bati la chini ili kuukata mkondo unaovuja. Wengine hupitisha waya mwembamba kati ya antena mbili, ubebe mkondo wa kinyume unaoua ule wa wizi. Wapo pia wanaoweka kati yake kipande cha chuma kisichounganishwa na kitu, kilichokatwa kwa kipimo ili wimbi lake lifute wimbi lisilotakiwa. Dawa hii ni ile ile ya Uda, ila imegeuzwa: fito zake zilikusanya mawimbi, kipande hiki huyatenganisha. Ugumu ni kwamba dawa inayotibu wimbi moja hushindwa kwa lingine, na kuipanua itibu masafa mapana bila kuongeza ukubwa wa kifaa ni kazi ambayo hadi leo inajaza majarida ya uhandisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kundi la Tatsuo Itoh, mzaliwa wa Japani aliyefundisha Los Angeles, lilichapa fito za Yagi juu ya kibao chembamba cha saketi, nazo zikafanya kazi katika masafa mapana kuliko yale ya antena ya juu ya paa.

Yagi alifariki dunia tarehe 19 Januari 1976, akikaribia kutimiza miaka 90. Uda alimfuata tarehe 18 Agosti mwaka huo huo, akiwa na miaka 80. Mwaka 1995 taasisi ya kimataifa ya wahandisi wa umeme, IEEE, iliiweka kazi yao katika orodha ya matukio makuu ya historia ya uhandisi na kuikumbuka kwa bamba katika Chuo Kikuu cha Tohoku. Bamba linataja majina mawili, Profesa Hidetsugu Yagi na msaidizi wake Shintaro Uda, na mwaka ambao kazi ilianza, 1924. Vitabu vingi vya uhandisi sasa huandika Yagi-Uda. Madukani watu bado huulizia Yagi.